Namna ya Kuusoma Uzuri wa Chombo cha Kazi: Mwongozo Kamili, Kuanzia na Dumu la Maji

Katika nyumba nyingi za Uganda kuna dumu la manjano lenye ujazo wa lita 20, ambalo lilifika dukani likiwa na mafuta ya kupikia na likabaki nyumbani likichota maji. Waganda huliita ekidomola. Mgeni akiingia sebuleni husifu kabati la vioo na makochi yenye nakshi, kisha huliruka dumu lililo mlangoni kana kwamba ni sehemu ya ukuta, ingawa ndilo lililoleta maji ya chai anayoinywa.

Nimefundisha useremala kwa miaka mingi katika mji wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako bidhaa za nchi mbili hupita mbele ya macho yetu kila siku, na nimeona kwamba mwanafunzi anayetengeneza stuli mbaya mara nyingi ana mkono mzuri tu. Kinachompungukia ni kwamba hajawahi kuitazama stuli. Ameikalia tangu utotoni, ameibeba, ameisimamia ili kufikia darini, lakini ukimwambia aichore kwa kukumbuka atakupa miguu minne iliyosimama wima kama nguzo za umeme, wakati ile aliyoikalia nyumbani kwao imetanuka chini ili isipinduke. Mwongozo huu ni ule ninaowapa wanafunzi wangu, nikiwa nimeuandika upya kwa ajili ya mtu yeyote anayetaka kujifunza kuuona uzuri wa vitu vilivyotengenezwa vizuri kwa ajili ya kazi. Hauhitaji fedha. Unahitaji daftari, penseli, muda wa wiki mbili au tatu, na subira kidogo.

Neno moja lifafanuliwe kabla hatujaanza. Nitakaposema usahili, sina maana ya bei ndogo wala ya umaskini. Nina maana ya hali ya chombo kuwa na kila kinachodaiwa na kazi yake, na kukosa kila ambacho kazi hiyo haikukidai. Chombo sahili kinaweza kuwa ghali sana, na chombo cha bei ya chini kinaweza kuwa kimejazwa mapambo hadi hakishikiki. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatua ya kwanza: chagua chombo kimoja ulichokizoea

Usianze na kitu kigeni wala kitu cha thamani. Chagua chombo ambacho wewe mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwako, hukitumia angalau mara moja kila siku: mwiko, ungo, kisu cha kumenyea matoke, jembe, sigiri, kalamu, kiti cha plastiki. Kiwe kimoja. Wanafunzi wanaochagua vitano huishia kuandika orodha ya vyombo, na orodha haifundishi kitu.

Hatua ya pili: kitumie kwa siku saba bila kukisifu wala kukilaumu

Katika juma la kwanza kazi yako ni kutumia na kuandika, kwa sababu mkono hutambua mambo kabla jicho halijayaona. Kila siku andika sentensi mbili au tatu tu kuhusu mwili wako wakati wa kazi: kidole kipi kilichoka, kiganja kiligusa wapi, ulilazimika kuinama kiasi gani, chombo kilitoa sauti gani, ulikibadilisha mkono mara ngapi. Andika pia mahali ulipokiweka ulipomaliza, maana chombo kizuri aghalabu hujua pa kukaa: kina tundu la kutundikia, au kitako kinachotulia, au umbo linaloingia ndani ya mwenzake.

Mwanafunzi mmoja aliyechagua ungo wa mama yake alileta daftari lililosema, siku tatu mfululizo, kwamba ungo haukumchosha. Nilimwambia kuwa hilo ndilo jibu, na sasa atafute sababu. Siku ya nne aliandika kwamba ukingo wa ungo ni mnene kuliko tumbo lake, hivyo vidole hushika mahali penye nguvu huku uzito ukibaki mdogo. Na siku ya sita akaandika kwamba mchele ukirushwa huanguka kuelekea katikati wenyewe, kwa kuwa tumbo la ungo limebonyea kidogo tu, kiasi cha kukusanya punje bila kuyazuia makapi yasipeperushwe na upepo. Huyo alikuwa ameanza kusoma.

Hatua ya tatu: uliza kila sehemu inafanya kazi gani

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi. Kichore chombo chako katika ukurasa mzima wa daftari, hata kama mchoro wako ni mbaya, kisha vuta mstari kutoka kila sehemu na uandike pembeni kazi ya sehemu hiyo. Kila mkunjo, kila tundu, kila mfuo, kila pembe iliyoviringwa. Pale utakaposhindwa kueleza, weka alama ya kuuliza na uiache. Alama hizo ndizo zitakazokufundisha zaidi.

Tuchukue kalamu ya Bic ya plastiki angavu, ile inayouzwa katika kila kibanda. Ilianza kuuzwa nchini Ufaransa mwaka 1950 chini ya Marcel Bich, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Kwa nini mwili wake una pande sita? Kwa sababu kalamu ya mviringo huviringika na kuanguka mezani, na kwa sababu vidole vitatu hupata pa kutulia, kama vinavyopata kwenye penseli. Kwa nini ni angavu? Ili uone wino uliobaki kabla mtihani haujaanza. Kuna tundu dogo ubavuni ambalo watoto wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani; kazi yake ni kuingiza hewa ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje na wino usikwame wala kuvuja. Kifuniko kina rangi ya wino, kina ulimi wa kubania mfukoni, na tangu mwaka 1991 kina tundu kileleni ili mtoto akikimeza kwa bahati mbaya hewa iweze kupita. Ukiondoa kimojawapo kati ya hivyo, kalamu inapungua. Ukiongeza kingine, sioni utakiweka wapi.

Sasa turudi kwenye dumu, kwa kuwa historia yake ni darasa kamili. Dumu la chuma ambalo lilizaa jina la jerikani lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller iliyokuwa Schwelm, kwa ajili ya kubebea mafuta ya magari ya jeshi. Lilikuwa na mishikio mitatu iliyopangwa sambamba juu yake, na watu wengi hudhani mitatu ni mapambo. Fikiri kama mchukuzi. Mtu mmoja akilibeba likiwa limejaa, hushika ule wa katikati na uzito hukaa sawa. Watu wawili wakisaidiana, kila mmoja hushika wa pembeni upande wake. Madumu yakiwa matupu, mtu huyaweka mawili pamoja, akakamata mishikio miwili ya pembeni iliyokutana kwa mkono mmoja, na hivyo mikono miwili hubeba manne. Mifuo ya msalaba ubavuni huimarisha bati jembamba na kuliruhusu kutanuka joto linapozidi. Nundu iliyo juu, karibu na mishikio, huhifadhi hewa kidogo hata dumu likijazwa, kwa hiyo dumu la petroli lililotupwa majini huelea.

Waingereza, kwa upande wao, walikuwa wakisafirisha mafuta yao kwa makopo ya bati ya galoni 4 yaliyovuja vibaya sana katika jangwa la Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walipoyateka madumu ya adui waliyathamini, wakayaiga, na kwa kuwa askari wa Kijerumani waliitwa kwa mzaha Jerry, chombo nacho kikaitwa hivyo. Inafaa kukumbuka kwamba debe letu, lile la kupimia mahindi sokoni, ni kipimo cha galoni 4 hizo hizo, yaani takriban lita 18. Nyumbani kwetu, basi, mara nyingi wahasimu wawili wa vita vile hukaa kona moja, mmoja akipima nafaka na mwingine akihifadhi maji.

Dumu la manjano la plastiki ni mjukuu wa mbali, na hapa msomaji asiwe mpole kupita kiasi. Lina mshikio mmoja badala ya mitatu. Likijaa maji lina kilo 20 za maji hayo peke yake, na mshikio mwembamba wa plastiki hukata vidole vya mtoto kabla hajafika nusu ya njia kutoka kisimani. Mdomo wake ni mdogo, jambo linalozuia maji kumwagika njiani na uchafu kuingia, lakini pia linazuia mkono kuingia kusafisha, ndiyo maana watu hutia mchanga au kokoto na maji kidogo, wakatikisa. Kila fadhila ya chombo huwa na bei yake, na kazi ya msomaji wa vyombo ni kuiona fadhila na bei kwa pamoja.

Hatua ya nne: soma uchakavu na matengenezo

Geuza chombo chako juu chini. Tafuta mahali palipong'aa kwa kushikwa, palipolika, palipopasuka, palipofungwa waya. Mpini wa jembe uliotumika miaka mingi una sehemu mbili zilizolainika kama zimepakwa mafuta. Umbali kati ya sehemu hizo ni umbali kati ya mikono ya mwenye jembe, na kutoka hapo unaweza kukisia kimo chake. Mwiko wa mti hulika upande mmoja, na upande huo utakuambia kama mpishi anatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Chombo kinachochakaa vizuri hulika mahali pa kazi na kubaki imara kwenye viungo, na chombo kibovu hupasuka kwenye kiungo kabla hakijalika popote.

Angalia pia namna watu walivyokirekebisha. Kiti cheupe cha plastiki kinachokodishwa pamoja na mahema ya harusi na matanga ni mfano mzuri. Mfaransa Henry Massonnet alizindua kiti chake cha aina hiyo mwaka 1972, kinachomiminwa kipande kimoja katika kalibu ndani ya muda usiofika dakika 2. Hakina skrubu hata moja. Miguu yake ina mkunjo kwa sababu ubapa uliokunjwa hubeba uzito ambao ubapa ulionyooka hauwezi, jambo unaloweza kulijaribu kwa karatasi na kikombe. Nyufa za mgongoni hupitisha maji ya mvua na kupunguza plastiki. Na viti ishirini husimama mahali pa kimoja. Hata hivyo mguu ukipasuka, kiti kimekwisha, kwa maana hakuna kipande cha kubadilisha. Majirani zangu hawakukubali hukumu hiyo: hutoboa matundu kwa msumari uliotiwa moto pande mbili za ufa, wakaushona kwa waya mwembamba kama wanavyoshona beseni lililopasuka. Mshono huo ni hoja ya maandishi dhidi ya aliyekibuni, na binafsi huuona mzuri kuliko kiti kipya. Uandike katika daftari.

Hatua ya tano: linganisha vyombo viwili vinavyofanya kazi moja

Jicho la peke yake hudanganyika kirahisi, lakini likiwa na vitu viwili mbele yake huanza kuhukumu. Tafuta mwenzake wa chombo chako, wa umri tofauti au wa muundo tofauti, na uvifanyishe kazi ile ile siku ile ile.

Ulinganisho mwepesi ni wa sururu na nyundo. Vyote viwili ni kichwa cha chuma kwenye mpini wa mti. Kichwa cha nyundo kikilegea hugongewa kabari, na baada ya muda hulegea tena. Mpini wa sururu huingizwa kutoka juu, nao ni mnene zaidi upande wa mwisho, kwa hiyo kila unapoizungusha kichwa huvutwa kuelekea kwenye unene na kukazika zaidi. Kazi yenyewe ndiyo inayokaza kiungo. Ukitaka kuubadilisha mpini, ugongeshe chini wima na kichwa kitashuka. Sijui kiungo kingine kilicho sahili kuliko hicho, na bado huwa nakionyesha darasani kila mwaka kwa furaha ile ile.

Ulinganisho wenye faida zaidi jikoni ni wa sigiri. Chukua sigiri ya bati tupu na sigiri yenye kauri ndani. Pima makaa nusu kilo kwa kila moja, tumia sufuria ile ile yenye kifuniko, tia maji lita 2, na uandike muda hadi maji yachemke. Kisha uyaache yachemke taratibu kwa nusu saa, uzime makaa, uyaache yapoe kabisa, na upime yaliyobaki. Fanya jaribio hili nje au penye upepo wa kutosha, kwa sababu makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu ambayo huua. Sitakutajia matokeo, yatategemea makaa yako na sufuria yako.

Baada ya kupima, ndipo utazame maumbo. Jiko la kauri lenye kiuno lilienea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, na mafundi wa bati wa huku nao wakalifahamu upesi. Nusu ya juu imepanuka ili kupokea sufuria na kubeba kauri iliyogandishwa kwa saruji. Kauri hiyo huzuia moto usipotelee ubavuni. Kiuno chembamba huishikilia kauri isishuke. Nusu ya chini imepanuka tena, bila kauri, ili majivu yapate pa kuangukia, mlango mdogo upate pa kuingizia hewa, na kitako kipana kisipinduke ugali unaposongwa kwa nguvu. Ukishalijua hilo, umbo lile ambalo ungeweza kudhani ni mapenzi ya fundi kwa kiuno cha ngoma huwa halina mstari hata mmoja wa bure. Nami naliona kuwa miongoni mwa maumbo mazuri kabisa yaliyomo katika nyumba zetu.

Hatua ya sita: pambanua usahili na upungufu

Si kila kilicho kichache ni sahili. Tadooba, ile taa ya mafuta ya taa iliyotengenezwa kwa kopo na utambi wa pamba, ina sehemu tatu au nne tu, na fundi wake anastahili heshima kwa kuitoa taa kwenye takataka. Lakini moshi wake huwaingia watoto wanaosoma karibu nayo, mwanga wake haufiki mwisho wa ukurasa, na ikipigwa na kiwiko huunguza nyumba. Imepungukiwa na kile ambacho kazi inakidai, yaani kioo cha kukinga moto na kitako kizito. Usiisifu kwa sababu tu ni ya kienyeji na inapendeza katika picha.

Weka karibu nayo kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilicho nje ya vyoo vya shule nyingi: dumu dogo la lita 3 au 5 lenye tundu, limetundikwa kwenye mti mlalo, na kamba inayoshuka hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu huinama na maji hutoka, ukiachia, hurudi. Mkono mchafu haugusi chochote isipokuwa maji na sabuni. Vifaa ni duni kama vya tadooba, lakini hakuna kinachokosekana. Mrija mrefu wa kunywea ajono, yaani pombe ya wimbi, huko Teso ni wa ukoo huo huo: chujio dogo kwenye ncha huzuia machicha ya wimbi, na urefu wake huwaruhusu wazee kukaa kwenye duara kubwa, kila mmoja kwenye kigoda chake, wakinywa kutoka chungu kimoja bila kugongana vichwa.

Jaribio la kutumia ni hili: kwa kila sehemu jiulize, nikiiondoa nani ataumia? Kisha kwa kila tatizo uliloliandika katika juma la kwanza jiulize, ni sehemu gani ingeliondoa? Swali la kwanza hufichua mapambo ya bure, la pili hufichua upungufu. Anayeuliza la kwanza peke yake huishia kusifu vitu vikavu visivyokalika.

Hatua ya saba: nenda kwa fundi

Kama uko Kampala, nenda Katwe, ambako mafundi wa vyuma wamekaa miaka mingi wakifua sigiri, masanduku, makufuli na mashine za kila namna. Kwingineko, tafuta mfua bati au msusi wa vikapu wa mtaa wako. Usiende saa za wateja wengi, na usianze na maswali. Salimia kwa utulivu, umwite mzee au mama kama umri unavyotaka, nunua kitu kidogo au agiza matengenezo ya kweli, kisha uombe ruhusa ya kukaa utazame.

Maswali yanayozaa majibu ni yale ya kasoro. Ukimwuliza fundi kwa nini kazi yake ni nzuri atanyamaza kwa adabu. Mwulize chombo hiki huanza kuharibika wapi, na kile alichokuwa akitengeneza zamani kilikuwa na tofauti gani. Mfua bati mmoja niliyemwuliza hivyo aliniambia, bila kuacha kugonga, “Mwalimu, masikio haya ya sigiri zamani niliyaweka mawili. Akina mama wakawa wanarudi wameungua. Sasa naweka waya wa kuning'inia, unapoa haraka.” Sentensi hizo ni somo zima la ubunifu, na hakulisoma popote.

Ukipata nafasi ya kumwona mtengenezaji wa lubugo, ile nguo ya gome la mti uitwao mutuba ambayo Unesco iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, usiishie kwenye nguo. Tazama nyundo zake za mti. Zimechongwa mifuo, kuanzia iliyo mikubwa hadi iliyo midogo, nazo hutumika kwa mfuatano huo, gome likitanuka na kulainika kila hatua. Kazi hufanyika chini ya banda lililo wazi pembeni ili gome lisikauke upesi kwa jua, na mti uliobanduliwa hufungwa majani ya mgomba ili upone na kutoa gome jingine. Banda na majani hayo navyo ni vyombo, ingawa hakuna duka linaloviuza.

Hatua ya nane: zuru makumbusho ukiwa na daftari lako

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, na jengo lake la sasa, katika barabara ya Kira mjini Kampala, lilisanifiwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954. Kabla hujatazama kabati lolote, simama ndani ya ukumbi utazame mwanga unatoka wapi na hewa inapita wapi. May aliongoza ujenzi wa nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt katika miaka ya 1920, na katika mradi huo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni mwaka 1926 chumba kidogo cha kupikia chenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, baada ya kuchunguza nyendo za mpishi hatua kwa hatua. Zoezi hilo unaweza kulifanya kwako: hesabu hatua unazotembea kupika chai, sogeza vitu viwili, kisha hesabu tena.

Ndani ya ukumbi usizunguke kote. Chagua vyombo viwili na ukae navyo. Mimi huwapeleka wanafunzi kwenye ekyanzi, chombo cha maziwa cha Wanyankole, kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kufunikwa kwa kifuniko cha ususi kilichochongoka. Maziwa huharibika kwenye mishono na pembe ambazo hazifikiki. Chombo hiki hakina mshono wala pembe. Husafishwa kwa kufukizwa moshi wa majani, na moshi huo hubaki kama harufu katika maziwa. Kifuniko ni chepesi, na ususi wake ni wa uangalifu ambao maziwa hayakuudai hata kidogo, nami husitasita hapa kila mara, kwa sababu kanuni yangu ya kuondoa kisichohitajika inagonga ukuta. Pengine kazi ya chombo kile ilijumuisha pia kumpokea mgeni kwa heshima. Waachie wanafunzi wako wabishane.

Hatua ya tisa: nunua kwa mkono

Ukiwa dukani au sokoni, kishike chombo kama utakavyokishika kazini. Usikiangalie tu kikiwa kwenye rafu. Kijaze kitu chenye uzito kama mwenye duka ataruhusu. Tikisa viungo, pitisha kidole ukingoni, geuza juu chini, uliza kama kinaweza kufunguliwa na kama vipuri vyake vinapatikana mjini hapa. Wengine watakukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwa yule anayechagua ili aahirishe kulima. Anayelima kila siku ana haki ya kuchagua.

Mimi mwenyewe niliwahi kuivunja hatua hii. Nilinunua birika la kung'aa katika duka moja mjini kwa sababu lilipendeza likiwa dirishani, nikagundua asubuhi iliyofuata kwamba mpini wake wa chuma ulilala juu kabisa ya mvuke wa mdomo, na kwamba kulimimina kulihitaji kitambaa na ujasiri. Nilikaa nalo wiki nzima nikiandika katika daftari kama ninavyowaambia wengine. Mwishowe nilipasua kijiti cha mvule katikati, nikachimba mfuo ndani ya kila nusu, nikazifunga nusu hizo mbili kuuzunguka ule mpini kwa waya wa shaba, nikausogeza mshiko wangu nyuma kwa upana wa vidole vitatu. Chai ya leo imemiminwa kwalo.